Shahidi Anayeyumba: Spidomita ya Gari Kuukuu na Suala la Kuamini Kipimo

Falsafa ya maarifa na elimu ya dini zimeshughulika kwa karne nyingi na swali moja lisiloisha: kwa haki gani mtu anaiamini habari ambayo hakuishuhudia mwenyewe, na afanye nini pale shahidi wa pekee aliye naye anapoanza kutoa kauli zinazopingana? Swali hilo limezoeleka kuulizwa kuhusu wanadamu, yaani mashahidi wa mahakamani, wapokezi wa hadithi za Mtume na waandishi wa tarikhi, ilhali sehemu kubwa ya habari anazoziamini mtu wa leo huletwa na vyombo visivyo na ulimi wala nia, kama vile mizani ya sokoni, mita ya umeme, kipimajoto cha zahanati, na kile kipimo cha mwendo kilichoko mbele ya dereva ambacho mafundi wengi wa Afrika Mashariki hukiita spidomita. Insha hii inalichukua swali hilo la zamani na kuliweka juu ya spidomita ya gari la michezo lililozeeka, ambayo mshale wake hautulii, na inatetea rai kwamba mshale unaoyumba hausemi uongo hata kidogo: unatoa ushahidi wa kweli kabisa, ila ushahidi huo unahusu njia iliyopitisha habari kutoka barabarani hadi kwenye dashibodi, na kwa hiyo kazi ya fundi anayetafuta ubovu ni, kwa maana kamili ya neno, kazi ya kuhakiki ushahidi.

Kigali ni mji unaolipa swali hili uzito wa kila siku. Tangu 2015 sheria ya Rwanda inayataka magari ya abiria yafungwe vidhibiti mwendo, yaani vifaa vinavyolizuia gari kupita kilomita 60 kwa saa, na tangu 2019 polisi wa nchi hiyo wanaendesha kampeni ya Gerayo Amahoro, inayowahimiza watumiaji wa barabara wafike salama. Kamera za kupima mwendo zilizosambazwa barabarani katika miaka hiyo zimepewa na wananchi jina la Sofia, kutokana na roboti mwenye sura ya mwanamke aliyeletwa Kigali Mei 2019 katika mkutano wa Transform Africa, na hapana dereva wa mji huo asiyejua kwamba tofauti ya kilomita chache kati ya anachokisoma yeye na anachokisoma Sofia huishia katika faini. Mwishoni mwa 2021 malalamiko kuhusu kamera zilizokuwa zikiwanasa madereva kwenye sehemu za kikomo cha 40 yalifika hadi kwa Rais wa Jamhuri, na mjadala uliofuata, ingawa ulihusu vikomo zaidi kuliko vyombo, ulidhihirisha jinsi jamii nzima inavyoweza kuishi chini ya kauli ya kipimo. Katika mazingira hayo, mwenye gari kuukuu ambalo mshale wake unarukaruka kati ya 40 na 80 ana mashahidi wawili wasioafikiana, mmoja wa dola na mmoja wake mwenyewe, na huyo wake mwenyewe hakubaliani hata na nafsi yake.

Mji huo una sababu ya pili ya kufaa. Kiswahili kiliingia Kigali pamoja na askari na wachuuzi wa zama za Wajerumani, baada ya Richard Kandt kuuasisi mji mwaka 1907, na kikatia mizizi katika mitaa ya Waislamu ya Biryogo na Nyamirambo, ambako msikiti wa al-Fatah ulijengwa mwaka 1913. Kwa miongo mingi Waislamu wa mji huo walijulikana kwa biashara, udereva na umakanika, kazi ambazo mtu aliweza kuzishika bila kupita katika shule za misheni. Elimu ya hadithi inayosomeshwa madrasani na elimu ya mikono inayorithishwa gerejini zimekuwa jirani katika mitaa hiyo kwa takriban karne nzima, na insha hii inazikutanisha kwa makusudi, kwa kuwa kila moja ina jambo ambalo nyingine inalihitaji.

Kabla ya kuhukumu ushahidi ni lazima njia yake ijulikane. Katika magari mengi ya michezo yaliyoundwa kabla ya miaka ya 1990, kama vile Datsun 240Z lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena mwaka 1973, habari ya mwendo huanzia kwenye giaboksi, ambako gia ndogo huzungushwa na shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Gia hiyo huuzungusha waya wa spidi, ambao haupitishi umeme wowote: ni uzi wa chuma uliosukwa, wenye ncha za mraba, unaozunguka ndani ya ala yake mpaka nyuma ya dashibodi. Huko waya huizungusha sumaku ndogo iliyofunikwa na kikombe chepesi cha alumini kisichogusana nayo. Sumaku inapozunguka, nguvu yake inayobadilika huzalisha ndani ya kikombe mikondo ya umeme iitwayo mikondo ya Foucault, kwa jina la mwanafizikia Mfaransa aliyeibainisha mwaka 1855, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kiifuate sumaku. Kikombe kingezunguka bila kikomo lau si springi nyembamba mno inayokirudisha nyuma; pale mvuto wa sumaku na ukinzani wa springi vinaposawazika, ndipo mshale uliofungwa kwenye kikombe husimama na kuonyesha namba. Mpango huu, ambao Otto Schulze wa Strasbourg aliupatia hataza mwaka 1902, ulitawala dashibodi za dunia kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Waya huo huo huzungusha pia gia za kihesabu kilomita, yaani zile namba zinazojumlisha umbali wote ambao gari limekwenda, na jambo hili, ambalo madereva wengi hawalitilii maanani, litakuwa na umuhimu mkubwa mbele.

Je, chombo cha namna hii kinaweza kusema uongo? Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda aliyeishi kati ya 1912 na 1981, katika kitabu chake cha 1956 juu ya falsafa ya kuwako ya Wabantu wa Rwanda, alivigawa vyote vilivyoko katika mafungu manne: muntu, yaani kilichopo chenye akili, kintu, yaani kilichopo kisicho na akili, hantu, yaani mahali na wakati vikichukuliwa kwa pamoja, na kuntu, yaani namna za kuwako, zikiwemo wingi, sifa, uhusiano, kutenda na kutendewa. Mpango huo ulikosolewa, hasa na Paulin Hountondji wa Benin, kwamba unalibebesha kabila zima fikra ambazo ni za mwanafalsafa mmoja, na ukosoaji huo una uzito wake. Lakini hata ukichukuliwa kama rai ya Kagame peke yake, unatoa mwanga hapa. Spidomita ni kintu. Mwendo unaopimwa ni namna ya kuwa katika hantu, kwa sababu mwendo ni uhusiano wa mahali na wakati, umbali uliogawanywa kwa muda. Uongo nao unahitaji nia ya kuificha kweli inayojulikana, na nia ni ya muntu pekee. Kwa msingi huo mshale hauwezi kusema uongo, na kwa msingi uo huo hauwezi kusifiwa kwa ukweli. Kilichobaki kwake ni kutii sababu zinazouendesha, na utiifu huo haukatiki hata kwa nukta moja.

Hapa hoja ya kifalsafa inashikana na hoja ya kiufundi kwa namna ambayo haikubali kutenganishwa. Mshale unaoruka hadi 80 ilhali gari linakwenda 60 haukosei juu ya kile unachokigusa: kwa sehemu ile ya sekunde, sumaku iliyo nyuma yake ilizunguka kweli kwa kasi ya 80. Waya uliokauka grisi, au uliopinda mahali, hukwama ndani ya ala yake huku giaboksi ikiendelea kuusokota upande wa chini, mpaka msokoto unapozidi ukinzani na waya wote ukafyatuka kwa pamoja, kama kamba ya kisima iliyonasa kwenye ukingo kisha ikaachia. Na wakati wa kufyatuka, sumaku huzunguka kwa kasi kuliko gurudumu linavyodai. Kikombe kimeshuhudia sumaku, na kimeshuhudia sawasawa. Anayesema kwamba huku ni kucheza na maneno, kwa kuwa dereva anataka kujua mwendo wa gari na hana haja na mwendo wa sumaku, ana haki ya kulalamika, lakini lalamiko lake linaithibitisha hoja: kati ya alichokishuhudia shahidi na anachotaka kukijua msikilizaji pana mnyororo, na kosa limo ndani ya mnyororo huo au limo katika pupa ya msikilizaji aliyeuruka.

Wanazuoni wa hadithi walilikabili tatizo lenye umbo hilo hilo, na walilikabili kwa ukali wa kielimu ambao haujazidiwa na wengi. Habari kwao ina sehemu mbili: isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, na matini, yaani maneno yenyewe. Mpokezi naye hupimwa kwa mambo mawili: uadilifu, yaani unyofu wa dini na mwenendo, na dhabti, yaani umakini wa kukihifadhi alichokisikia na kukifikisha kama alivyokisikia. Mtu anaweza kuwa mwadilifu kupita kiasi na bado akapungukiwa na dhabti, na wanazuoni hawakuona haya kuiweka kando habari ya mcha Mungu ambaye kumbukumbu yake ilikuwa imeharibika. Ibn al-Salah, aliyefariki Damascus mwaka 1245, katika utangulizi wake mashuhuri wa elimu za hadithi aliitengea mlango wa peke yake hadithi iitwayo mudhtaribu, yaani iliyopokewa kwa namna zinazopingana, zenye nguvu sawa, pasipo njia ya kuipa mojawapo uzito zaidi. Uzito ukipatikana upande mmoja, kwa mfano kwa sababu mpokezi wake ni mhifadhi bora zaidi, basi hukumu huufuata upande huo na jina la mudhtaribu halistahiki tena. Kuyumba huko kunaweza kuwa katika isnadi au katika matini, na kunaidhoofisha habari kwa sababu kunatangaza kwamba mahali fulani dhabti imepotea.

Kintu hakina uadilifu wa kupimwa, ila dhabti kinayo au hakina, na ndiyo maana mbinu za wanazuoni hao zinaweza kuhamia gerejini bila kulazimishwa. Jambo la kwanza wanalolifunza ni lile wasilolifanya: hawakuchukua wastani. Mapokezi mawili yakitofautiana, hakuna mhakiki aliyewahi kutunga la tatu lililo katikati yao na kulinasibisha kwa Mtume, kwa kuwa la katikati halina mpokezi. Dereva, kinyume chake, huuangalia mshale unaocheza kati ya 50 na 70 na papo hapo akajiambia kwamba anakwenda 60. Inawezekana kabisa kwamba amepatia. Waya uliokauka hukwama na kufyatuka, lakini jumla ya mizunguko yake haibadiliki, kwa sababu kila mzunguko uliozuiliwa chini huachiliwa baadaye juu. Na ndiyo maana, katika ubovu wa aina hii, kihesabu kilomita hubaki sahihi ilhali mshale umechanganyikiwa. Wastani, basi, una msingi pale ambapo chanzo cha kuyumba kimekwisha kujulikana. Kabla ya hapo hauna msingi wowote, maana mshale unaoyumba kwa sababu ncha ya mraba ya waya imelika na inateleza huonyesha siku zote pungufu ya kweli, na wastani wa kauli pungufu ni upungufu. Ujuzi wa sababu ndio unaomruhusu mtu kutumia wastani, na anayeanza na wastani ameukata mguu wa uchunguzi kabla haujapiga hatua.

Fundi mwenye busara, kwa hiyo, huanza kwa kulinganisha mapokezi mawili yanayotoka kwa mpokezi mmoja. Mshale na kihesabu kilomita vyote viwili huzungushwa na waya ule ule, na wahakiki wa hadithi wangeuita waya huo madari, yaani kiungo cha pamoja ambamo njia mbalimbali za habari hukutana. Ikiwa vyote viwili vimekufa, tuhuma inawaangukia waya na gia ya giaboksi. Ikiwa mshale unakwenda vizuri na namba za kilomita zimesimama, gia ndogo za ndani ya kichwa cha spidomita zimevunjika na waya hauna hatia. Ikiwa kilomita zinahesabika sawasawa na mshale peke yake ndio unaocheza, basi wanabaki watuhumiwa wawili, waya unaokwama au kichwa chenyewe, na hapo ndipo wengi hukosea. Mshale ndio unaoonekana, kwa hiyo mshale ndio unaolaumiwa. Mwenye gari hutafuta kichwa kingine kilichotumika, hukifunga, na baada ya siku mbili kichwa kipya kinayumba vile vile, kwa sababu mpokezi wa mwisho amehukumiwa kwa kosa la aliyemtangulia.

Njia ya kuwatenganisha watuhumiwa hao ni kumsikiliza kila mmoja peke yake. Waya hufunguliwa nyuma ya dashibodi, na kichwa huzungushwa kwa drili ya mwendo wa polepole, kwa kufuata upande ule ambao waya huzunguka. Katika magari mengi yaliyoundwa Japani, spidomita hutengenezwa kwa kanuni kwamba mizunguko 637 ni kilomita moja, hivyo mizunguko 637 kwa dakika inapaswa kuuleta mshale kwenye 60 na kuuacha hapo ukiwa umetulia. Ukitulia, kichwa kimetakaswa, na mhojiwa anayefuata ni waya. Huchomolewa kutoka katika ala yake, hulazwa mezani na kuviringishwa kwa vidole: ulio mzima huzunguka laini kwa urefu wake wote, uliopinda huruka kila unapofika penye kasoro. Wakati na mahali pa kuyumba navyo husema mengi. Mshale unaotetemeka katika mwendo mdogo na kutulia katika mwendo mkubwa kwa kawaida huelekeza kwenye ukavu wa waya. Unaocheza asubuhi na kutulia injini ikipata joto huelekeza kwenye grisi kongwe iliyoganda, jambo linalotarajiwa katika mji ulioko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako alfajiri huwa na ubaridi. Magari ya michezo ya miaka ya 1990 na kuendelea yana ubovu wa jinsi nyingine, kwa sababu mengi hayana waya wa kuzunguka: sensa iliyoko kwenye giaboksi hutoa midundo midogo ya umeme, na saketi huihesabu. Penye waya wa ardhi uliolegea, plagi yenye kutu au lehemu iliyopasuka, midundo hupotea njiani, na kilomita hupotea pamoja nayo. Kwa istilahi za hadithi hilo ni katiko la isnadi, na katiko lina hukumu yake tofauti na kuyumba.

Matengenezo yenyewe yana adabu zake, na adabu hizo zina uzito wa kimaadili kuliko zinavyoonekana. Waya uliokauka huoshwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, kisha hupakwa grisi ya grafiti kwa uchache, isipokuwa sehemu ya juu yenye urefu wa kama sentimita 20, ambayo huachwa karibu kavu. Sababu ni kwamba waya unaozunguka huipandisha grisi juu taratibu, na grisi ikiingia kati ya sumaku na kikombe huviunganisha vitu ambavyo chombo kizima kimejengwa juu ya kutogusana kwao. Mshale hukimbilia mwisho wa namba na kubaki huko. Tiba iliyozidi imemharibu shahidi aliyekuwa mzima. Ala ya waya nayo hupitishwa bila kona kali, mafundi wakichukulia kwamba tao lenye nusu kipenyo cha chini ya sentimita 15 ni kali mno. Linalokatazwa kuliko yote ni kuigusa springi ili mshale utue mahali panapompendeza mwenye gari ilhali ubovu wa waya uko pale pale. Wako mafundi wanaojua kusahihisha kichwa kwenye meza ya majaribio, kwa kipimo kinachojulikana, na kazi yao ni halali na ya heshima, kwa kuwa wanamrudishia shahidi uwezo wa kusema alichokiona. Anayeikaza springi kwa kubahatisha mpaka mshale unyamaze amemfundisha shahidi la kusema, na hakuna mahakama ya dini wala ya dunia inayouona ushahidi wa hivyo kuwa ushahidi.

Baada ya waya kurudishwa na mshale kutulia, swali gumu zaidi linabaki, maana utulivu si usahihi. Njia ya zamani ya kuupima mshale ni kwenda kwa mwendo usiobadilika katika kilomita moja iliyopimwa, kwenye barabara iliyo wazi, huku abiria akihesabu sekunde: 3,600 ikigawanywa kwa sekunde hizo ndiyo mwendo, hivyo sekunde 60 ni kilomita 60 kwa saa, na sekunde 45 ni 80. Lakini kilomita hiyo ilipimwa na mtu kwa kipimo, na saa nayo ilisawazishwa kwa saa nyingine, na simu yenye kupokea ishara za setilaiti inategemea saa za atomiki ambazo mwenye simu hatawahi kuziona. Kila kipimo kinadai kipimo, na mlolongo huo hauna pa kuishia ndani ya vipimo vyenyewe. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliupitia mlolongo huu katika kitabu chake cha kuokoka na upotevu: alianza kuzitilia shaka hisi, akitoa mfano wa kivuli ambacho jicho hukiona kimesimama, na baada ya saa moja uchunguzi ukaonyesha kwamba kilikuwa kikienda wakati wote, kisha akaitilia shaka akili yenyewe, na hali hiyo ikamkaa karibu miezi miwili. Mfano wa kivuli unamgusa dereva moja kwa moja, kwa sababu mwili uliozoea kilomita 80 katika barabara kuu huiona 60 ya mjini kuwa kutambaa, na hakuna hisi inayodanganyika kwa urahisi zaidi kuliko hisi ya mwendo. Al-Ghazali anasema kwamba hakuponywa na hoja, bali na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake.

Nuru hiyo haipatikani kwa ombi la mwenye gereji, na elimu ya dini yenyewe haikumwachia kila mtu aisubiri. Iliweka pia njia ya mutawatiri, yaani habari inayoletwa na wengi kwa njia nyingi kiasi kwamba haiwezekani waliafikiana juu ya uongo, na kwa rai ya insha hii, hapo ndipo mlolongo wa vipimo unaposimama kwa haki. Sharti lake ni kwamba njia ziwe nyingi kweli. Simu tano zinazosoma setilaiti zile zile ni shahidi mmoja aliyerudiwa mara tano. Simu moja, kilomita iliyopimwa kwa mnyororo wa wapima ardhi, na drili yenye mizunguko inayojulikana ni mashahidi watatu, kwa sababu kosa la mmoja halina njia ya kupenya kwa mwenziwe. Mshale ukiafikiana nao, mwenye gari amefika kwenye yakini inayomtosha mja, na kudai zaidi ya hapo ni kudai ambacho hata kadhi hakidai.

Liko jambo linalomsumbua kila anayeupima mshale wake kwa makini: huona kwamba chombo kizima, kisicho na ubovu wowote, kinaonyesha zaidi ya kweli. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari, inasema kwamba spidomita isionyeshe kamwe pungufu ya mwendo halisi, na inaruhusu izidishe kwa kiasi kisichopita sehemu ya kumi ya mwendo huo ikiongezwa kilomita 4. Gari linalokwenda 60 halisi linaweza, bila kuvunja kanuni, kuonyesha hadi 70. Je, huu si udanganyifu uliohalalishwa, ilhali Sura ya Mutaffifina inaanza kwa kuwaonya vikali wanaopunja vipimo, na Torati katika kitabu cha Walawi inaamuru mizani ya haki? Jibu linalofaa ni kwamba upunjaji unaolaaniwa ni ule unaomnufaisha mpimaji kwa siri, na kanuni hii imetangazwa, inajulikana mwelekeo wake, na inaelekea upande wa kuhifadhi uhai. Iko karibu zaidi na ihtiyati ya mafakihi, yaani kuchukua upande wa tahadhari penye shaka, kama anayeanza kujizuia kula kabla ya alfajiri kuthibiti. Bali ihtiyati hiyo hupinduliwa na mwenye gari la michezo anayefunga tairi kubwa kuliko zilizoandikiwa gari lake. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, waya hauna habari ya mabadiliko hayo, na mshale uliotulia tuli huanza kuonyesha 60 pale gari linapokwenda 65. Huyu ndiye shahidi wa kuogopwa. Anayeyumba hujitangaza, naye humlazimisha msikilizaji kuuliza. Aliyetulia juu ya kosa hana dalili, na utulivu wake huchukuliwa kuwa dhabti. Mafundi wanaofurahia tu kuona mshale umeacha kucheza, kisha wakalirudisha gari kwa mwenyewe bila kulipima, huenda wamembadilishia kosa la wazi kwa kosa la siri.

Kwa kuwa kintu hakihukumiwi, hukumu yote inamrudia muntu, na inamrudia hasa siku ya kuuza. Sheria ya Kiislamu ya biashara inamtaka muuzaji aibainishe aibu, yaani kasoro inayopunguza thamani au manufaa ya bidhaa, na inampa mnunuzi aliyefichwa kasoro hiyo hiari ya kuuvunja mkataba. Mshale unaocheza ni aibu iliyo dhahiri kwa yeyote anayeliendesha gari kwa dakika chache, na kuitaja hakumgharimu muuzaji mengi. Kihesabu kilomita ndicho chenye mtihani mzito, kwa sababu mwenye gari kuukuu ambaye kichwa cha spidomita yake kimekufa kweli, akanunua kingine katika maduka ya vipuri vilivyotumika huko Gatsata mjini Kigali, amenunua pia kilomita za gari jingine: namba zilizo mbele yake ni ushahidi wa safari ambazo injini yake haikuzienda, na safari za injini yake zimebaki ndani ya kichwa kilichotupwa. Hakutenda dhambi kwa kukibadilisha, maana gari linahitaji spidomita na vipya vya magari hayo vimekuwa adimu. Anachodaiwa ni kuandika, siku ile ile ya kubadilisha, kichwa cha zamani kilisimama kwenye kilomita ngapi na hiki kilianza na ngapi, akitia tarehe na saini ya fundi, na kuikabidhi karatasi hiyo pamoja na ufunguo wa gari.